Waraka kwa Mheshimiwa Mnyonya Mafuta ya Transfoma

Kwa Bwana Mnyonya Mafuta,
Juu ya Nguzo, Eastlands, Nairobi.

Ndugu yangu mpendwa,

Pole kwa kazi ya usiku. Nimetafuta anwani yako nikaikosa, ndipo nikaona heri niandike hadharani. Huenda mteja wako mmoja akakusomea akingoja chipsi ziive.

Nianze na sifa, kwa kuwa unazistahili. Tangu Dandora hadi Donholm, sijui mtu anayeitembelea transfoma kwa bidii kama yako. Sisi wakazi huikumbuka ikishalipuka. Fundi wa stima huja tukishapiga simu hadi salio likatuishia. Wewe pekee huja ikiwa nzima: unapanda, unafungua, unatoa mafuta na kuyamulika kwa tochi uone rangi. Waliosomea kazi hii huiita ukaguzi wa afya ya transfoma, na wakitaka kupima gesi iliyoyeyuka mafutani huchukua bomba la sindano la mililita 50. Wewe unapenda kupima kwa mtungi wa lita 20. Lawama yangu ni moja: majibu ya vipimo hujatuletea hata siku moja.

Labda hakuna aliyewahi kukueleza unachobeba. Stima hufika kwenye nguzo yetu ikiwa na volti 11,000, ikatoka na 415, na nyumbani kwako ikaingia na 240 (ambazo naamini unazilipia). Ndani ya lile debe la transfoma kuna misokoto ya waya iliyovikwa karatasi na kuzamishwa kwenye mafuta. Karatasi na mafuta ndivyo vinavyouzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Mafuta yana kazi ya pili pia, kulitoa joto kwenye misokoto na kulipeleka kwenye mapezi ya nje likapoe. Ukiyapunguza, misokoto ya juu inabaki uchi, joto linakosa mchukuzi, na mahali pa mafuta hewa inaingia na unyevu wake.

Utaniambia mafuta hurudishwa. Ni kweli, hurudishwa. Karatasi ndiyo hairudi, labda transfoma ivunjwe na kusukwa upya. Imetengenezwa kwa nyuzi za mti, ambazo ni minyororo mirefu. Ikiwa mpya, kila mnyororo una pingili elfu moja hivi, na zikibaki 200 karatasi huvunjika kama biskuti. Kinachoikata minyororo hiyo ni joto, maji na hewa, vitu vitatu unavyotuachia ukiondoka. Wahandisi wana kanuni yao: karatasi ya kawaida ikipita nyuzi 98 za Selsiasi, kila nyuzi 6 zinazoongezeka hukata umri wake nusu. Tena karatasi ikichakaa hutoa maji yake yenyewe, na maji hayo huichakaza zaidi. Kwa hiyo hata usiku ule unaochukua kidogo, "ya kuonja tu", hesabu huendelea bila wewe.

Na kuna jambo nadhani litakuuma, kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara: umekuwa ukiuza mali ghali kwa bei ya mafuta ya taa. Mafuta ya transfoma huhifadhi habari. Cheche zikiruka ndani, gesi ya asetilini huyeyuka humo. Mafuta yakiunguzwa na joto kali, ethilini huongezeka. Karatasi ikianza kuungua, monoksidi ya kaboni huonekana. Katika miaka ya 1970 Michel Duval wa Hydro-Québec, kule Kanada, alichora pembetatu inayosoma uwiano wa gesi tatu za namna hii na kukuambia transfoma inaugua nini kabla haijafa. Mtungini mwako ulikuwa na ripoti nzima ya mtaa, ndugu yangu, ukaiuza kwa lita.

Lakini sitaki ujione mkubwa kuliko ulivyo. Wenzako wapo. Buruburu na Umoja zilijengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za familia moja moja, na Dandora ikagawiwa viwanja kwa mradi wa Benki ya Dunia uliosainiwa mwaka 1975. Leo katika viwanja vile vile kuna ghorofa juu ya ghorofa, kinyozi chini, mchomeleaji nyuma, na pasi kila chumba. Mwenye ploti anayeongeza vyumba bila kuongeza transfoma anaikaanga ile karatasi polepole. Anayeuza sambaza, waya za kuunganishia majirani kimya kimya, naye anaikaanga. Nyinyi watatu mngefaa kuwa na chama.

Nao wakubwa wa stima wana fungu lao. Siwezi kudai kila transfoma ya nguzoni ipelekwe maabara. Hata nchi tajiri hazifanyi hivyo, gharama haiingii akilini. Vipimo vya gesi vinazifaa zile kubwa, kama za vituo vya Juja Road na Dandora. Kwa hizi zetu ndogo yatosha kuangalia kiwango cha mafuta, kuipima kihami kwa kifaa cha Megger kabla ya kuipandisha, hasa ikiwa imetoka gereji, na kusoma mzigo saa mbili usiku, watu wakiwa wamewasha kila kitu. Saa nne asubuhi, sote tukiwa kazini, transfoma ya Eastlands huonekana nzima kabisa, na fomu hujazwa vizuri.

Unajua kinachonishangaza? Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili yule alitoka hai, akakabidhiwa Shirika la Wanyamapori, na habari zake zikasomwa ulimwenguni kote. Wewe umefanya kazi miaka mingi, na kwa makusudi, lakini hata picha yako hatuna. Januari 2022 minara ya laini ya umeme ya Kiambere ilipoanguka Imara Daima, serikali iliwashuku wezi wa vyuma, ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu mwezi huo huo. Sikumbuki mtu akiuliza mafuta huenda wapi.

Huenda kwa mchomeleaji, apozee mashine yake. Huenda kwenye tangi la dizeli. Na mengine, mwenyewe wajua, huenda kwenye karai. Huyu wa karai mfikishie ujumbe huu kwa upole: mvuke wa mafuta ya transfoma unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 140 hivi, naye viazi anavikaanga kwenye 170 au 180. Na kama debe lilikuwa la zamani, huenda mafuta yana PCB, sumu inayosababisha saratani, ambayo Mkataba wa Stockholm ulitaka iondolewe kwenye mitambo ya umeme kufikia mwaka 2025. Chumvi na kachumbari haziiondoi.

Nakuomba basi upumzike msimu huu. Ukikosa la kufanya, pita mchana ukitazama juu: penye mafuta yanayochuruzika kwenye debe, andika namba ya nguzo uwapigie simu watu wa stima. Kwa macho yako yaliyozoea, utawashinda wengi wanaolipwa.

Wasalaam,
Jirani yako wa Umoja.

Tanbihi: Nimesoma kwamba siku hizi kuna transfoma zinazojazwa mafuta ya soya, ambayo hayashiki moto hadi yapite nyuzi 300, na huoza upesi yakimwagika. Wahandisi wanayasifu sana. Hapa kwetu naomba jambo hili tusilitangaze.