Sifa za Bwana Mengineyo

Jumba likipendeza, watu humsifu aliyelichora, aliyechonga mlango na aliyetoa fedha. Leo namsifu asiyetajwa: Mengineyo, yule anayeandikwa mstari wa mwisho kwenye makisio ya ukarabati, chini ya rangi, kama mgeni aliyeingia harusini bila kadi.

Ukitaka kumjua vyema, nenda Mji Mkongwe wa Unguja, kwa tajiri aliyenunua nyumba kongwe ya ghorofa tatu akataka iwe ya kisasa: vyoo vya marumaru, viyoyozi kila chumba, jakuzi juu kabisa. Makisio yamepangwa yakapangika. Nyaya zina bei yake, mabomba yana yake, yote yamepigiwa hesabu hadi shilingi ya mwisho, na ukuta wenyewe haujabanduliwa hata kidogo. Katika ukurasa mzima mkweli ni mmoja. Mengineyo kaandikiwa asilimia 10, na maana ya asilimia hizo ni kwamba kilichomo ukutani hakuna akijuaye.

Fundi anabandua lipu. Kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kisha akatokea mtu akazipaka saruji zipendeze. Saruji imeufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe sasa linamong'onyoka kwa kidole. Itolewe yote, ipigwe chokaa upya, na chokaa haikauki kwa kukemewa. Nani atalipa? Mengineyo. Juu kuna boriti za mikoko, zile zilizofanya vyumba vya mji ule viwe vyembamba, mita 3 hivi, maana mti haukufika zaidi. Fundi anagonga moja kwa nyundo. Anasikiliza. Anagonga ya pili, unga unamwagika: mchwa. Anashuka ngazi polepole, anajipangusa vumbi na kusema, "Tajiri, kuna kitu kidogo kimejitokeza."

Bado jakuzi. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na jakuzi la watu wanne laweza kufika tani hiyo, kabla wenyewe hawajaingia na shibe zao. Basi aitwe mhandisi, iletwe michoro mipya, na kibali kiombwe tena, kwani mji umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na paa halibadilishwi kwa matakwa ya mwenye nyumba. Mafundi wanaosubiri kibali nao wanakula. Wanakula kwa Mengineyo.

Huruma yake nyumbani ndiyo usiseme. Bibi akibadili vigae mara ya tatu, anabeba yeye. Bwana akiona koki za rangi ya dhahabu kwa jirani, anabeba yeye. Na wawili hao, waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya marumaru ya Italia, wanapatana siku wanapomlaani kwa pamoja. Sijui msuluhishi mwingine anayekubali kutukanwa kuwe ndiyo malipo yake.

Wala hakuanzia kwetu. Jumba la Opera la Sydney lilikisiwa dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102. Leo nalo limo katika orodha ile ile ya UNESCO. Nani basi atasema Mengineyo hana jicho la sanaa?

Ana maadui, tena wajanja. Mkandarasi anayetaka kazi humfuta kabisa, makisio yakashuka, tajiri akatabasamu na kusaini. Kufutwa huko hakumfukuzi. Atarudi miezi miwili baadaye, safari hii bila kikomo.

Enyi wakadiriaji majenzi, ombi langu ni dogo: nyumba ikiwa kongwe mwandikieni asilimia 20, mumpandishe juu ya ukurasa, na herufi zake ziwe kubwa kama za marumaru.