Namna ya Kushindwa Mnadani kwa Madaha

Sogea karibu nikuibie siri. Katika mnada wa vitu vya kale, anayeshinda ndiye anayelipa. Wengine wote wameona, wameshika, wamejifunza, wameonekana na watu wa maana, kisha wamerudi nyumbani na pesa zao. Nataka uwe mmoja wao, tena wa safu ya mbele. Sotheby's wamekuwa wakigonga nyundo tangu 1744 na Christie's tangu 1766, na hakuna mwaka ambao washindwa hodari wamekosa nafasi kwenye kumbi hizo. Kazi hii haihitaji mtaji. Inataka viatu vilivyopigwa rangi, uso mkavu, na hatua ninazokupa hapa.

1. Fika kabla ya siku yenyewe

Siku chache kabla ya mnada, vitu vyote huwekwa wazi ili wanunuzi wavikague. Kuingia ni bure. Mlangoni hakuna anayeuliza una kiasi gani benki. Watu wengi hupita mbele ya mlango wa Sotheby's pale New Bond Street, London, wakidhani walinzi wamewekwa kuwafukuza. Ingia, wasalimie, pita.

Usiishie kukodoa macho kwenye kioo. Mtafute mtaalamu wa idara umwambie kwa sauti ya chini: "Naomba kuishika namba 47." Atafungua kabati. Makumbusho hayatakupa ruhusa hiyo hata ukilia, lakini mnada unakupa, maana hakuna mwenye akili anayenunua kitu ambacho hajakigeuza. Vua pete na saa. Shika kwa mikono miwili, juu kidogo tu ya meza. Chungu cha Kigiriki usikinyanyue kwa masikio yake, kwa sababu mara nyingi ndiyo yaliyovunjika na kuunganishwa. Kisha geuza uangalie chini. Huko ndiko kwenye habari: namba ya wino ya mkusanyaji wa zamani, kipande cha karatasi ya duka kilichobanduka, michirizi ya gundi, rangi iliyopakwa kufunika ufa. Omba ripoti ya hali ya kitu hicho, watakupa. Ukiwa na kurunzi ya mwanga wa urujuanimno itoe, kwani sehemu zilizozibwa na kupakwa upya hung'aa tofauti na za asili.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza siku hizi za kukagua, chukua habari za simba jike wa Guennol. Ni sanamu ya jiwe la chokaa, kazi ya watu wa nchi ya Elamu ya zamani, umri wake kama miaka 5,000. Kimo chake ni sentimita 8.3, anaenea kiganjani. Amesimama wima na kiwiliwili kinachofanana na cha mtu, misuli ya mabega imetuna, makucha ameyakutanisha kifuani, kichwa amekigeuza pembeni. Ukimwona kwenye picha bila kipimo utaapa ana urefu wa nyumba. Alikaa kwa mkopo katika Brooklyn Museum kwa karibu miaka 60, na mtoto yeyote wa mtaa ule angeweza kwenda kumtazama Jumamosi. Desemba 2007 Sotheby's New York walimkadiria dola milioni 14 hadi 18, naye akaondoka kwa milioni 57.2, kwa mnunuzi asiyetaka kutajwa. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Lakini waliojitokeza kumtazama kabla ya nyundo kugongwa walipata walichopata, na hakuna aliyewatoza hata senti.

Kama uko Kisumu au Temeke na viza haipo, usisononeke. Nyumba kubwa za mnada huweka katalogi nzima kwenye intaneti, na minada mingi hurushwa mubashara. Kwenye mtandao unashindwa ukiwa na kikombe cha chai mkononi.

2. Chukua kibao

Jiandikishe. Utaombwa kitambulisho na anwani. Kwa vitu vya bei ya kutisha watataka pia barua ya benki au amana, kwa hiyo anza na mnada mdogo. Utapewa kibao chenye namba. Kishike mkononi ukiwa unatembea, usikifiche mfukoni, maana ndicho kinachokutofautisha na mpita njia. Kaa pembeni mwa njia, mstari wa nne au wa tano. Hapo unaona, na unaonekana.

3. Nyanyua mapema, teremsha mapema

Hii ndiyo njia ya mkato niipendayo kuliko zote. Karibu kila kitu mnadani kina bei ya siri, ambayo chini yake mwenye mali hauzi. Kwa kawaida bei hiyo haizidi makadirio ya chini yaliyochapishwa kwenye katalogi. Tena sheria za mnada humruhusu dalali kutaja madau kwa niaba ya mwenye mali hadi akaribie bei hiyo, hata kama hakuna aliyenyanyua mkono. Dalali hutazama taa ya dari, akatikisa kichwa, akaita bei.

Basi, wakati dalali anahangaika huko chini, msaidie. Nyanyua kibao. Atakuangalia machoni, atataja dau lako mbele ya ukumbi mzima, na shingo zitageuka. Nyanyua tena mara moja. Ukikaribia nusu ya makadirio ya chini, tikisa kichwa taratibu, tabasamu, shusha kibao mapajani. Umeshiriki, umetajwa, umetoka salama.

Shikilia sharti moja: kagua katalogi kama kitu hicho kina alama ya kuuzwa bila bei ya chini. Chenye alama hiyo hakina ukuta wa kukulinda. Hapo weka mikono chini, usijikune hata sikio.

4. Mwonee huruma mshindi

Hesabu yake ifanye ukiwa umetulia. Tangu 1975 Sotheby's na Christie's humtoza mnunuzi ada juu ya bei ya nyundo. Novemba 2017, Christie's New York, nyundo iligongwa kwa dola milioni 400 kwa ajili ya Salvator Mundi, picha inayohesabiwa kuwa ya Leonardo da Vinci. Aliyeshinda alidaiwa milioni 450.3. Hiyo milioni 50.3 ni ada, wala haikununua hata unywele mmoja wa brashi. Picha hiyohiyo iliuzwa Sotheby's mwaka 1958 kwa pauni 45. Tangu ile 2017 haijaonyeshwa hadharani, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha kazi ni mkono wa Leonardo. Kwa vitu vya kawaida ongeza kodi, bima, usafiri, na malipo ya ghala kwa kila siku utakayochelewa kuchukua mzigo wako.

5. Uliza kilitoka wapi

Ukikwama, ukiona dau linakupanda kichwani na mkono unataka kunyanyuka wenyewe, fungua ukurasa wa historia ya umiliki. Tafuta mwaka 1970. Ndipo UNESCO walipopitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, na soko zima hutumia mwaka huo kama mpaka. Ukikuta "mkusanyiko binafsi, Uswisi" bila jina wala tarehe, tamaa itakutoka yenyewe.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 1995 polisi walivamia ghala la mfanyabiashara wa vitu vya kale, Mwitaliano Giacomo Medici, huko Geneva, wakakuta maelfu ya vitu vilivyofukuliwa makaburini na picha za vitu hivyo vikiwa bado na udongo. Alikuwa akivipeleka mnadani Sotheby's, London, na vingine akivinunua yeye mwenyewe, ili vipate karatasi safi za kuonyesha. Mwaka 1997 Sotheby's waliacha minada yao ya kawaida ya vitu vya kale mjini London.

Na usidhani ni mambo ya Waitaliano tu. Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilikuwa kimeshanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirudi Tanzania mwaka 2010. Kutoka mwizi hadi kabati la kioo la Ulaya ulikuwa mwendo wa mwaka mmoja. Kurudi kukachukua miaka 25.

6. Kikiwa cha wizi, washindwe wote

Ukishagundua kitu kina wenyewe, ngazi ya juu kabisa ya ufundi wetu ni kuhakikisha hakuna anayeshinda. Inawezekana, tena kwa gharama ya bando la intaneti. Desemba 2010 Sotheby's walitangaza kuuza kinyago cha pembe za ndovu cha Malkia Mama Idia, kilichotwaliwa na Waingereza walipouteka mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, mwaka 1897. Kilikadiriwa pauni milioni 3.5 hadi 4.5. Wanaijeria wakaandika, wakakusanya saini, wakapiga kelele kila kona. Kabla mwaka haujaisha, wenye kuuza walikiondoa.

Kwetu Pwani silaha iliyofanya kazi ilikuwa kamera. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili, yaani nguzo za mti zilizochongwa, alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata watu wakihama kijiji. Muda si mrefu vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikuwa kwenye mkutano wa wasomi Marekani, akakiona kimoja kwenye slaidi ya msomi mwenzake: kilikuwa makumbusho ya Illinois State University. Cha pili kikapatikana Hampton University, Virginia. Ile picha ilimaliza ubishi, na kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi. Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, toa simu. Piga picha vitu vya ukoo wako, mbele, nyuma na chini, na mwenye navyo akiwa amesimama pembeni. Andika tarehe na mahali. Mtumie mjomba na shangazi nakala, ili simu ikipotea ushahidi usipotee nayo.

Picha ikikosekana na hakimu akakataa, ipo njia nyingine, ila inahitaji tajiri. Desemba 2013 Wahopi wa Arizona walishindwa mahakamani kuzuia mnada wa vinyago vyao vitakatifu huko Paris. Siku ya mnada, taasisi ya Annenberg ya Marekani ilitoa madau kwa simu bila kujitambulisha, ikanyakua vitu 24, vikiwemo vichache vya Waapache, kwa dola 530,000, ikavirudisha kwa Wahopi na Waapache. Huo ndio ushindi pekee ninaouruhusu katika mwongozo huu.

7. Usishinde kisha ukakataa kulipa

Kuna waliojaribu. Februari 2009, mjini Paris, Mchina Cai Mingchao alishinda vichwa viwili vya shaba, panya na sungura, vilivyoporwa katika kasri la Yuanmingyuan, Beijing, mwaka 1860. Dau lilikuwa euro milioni 14 kwa kila kimoja. Kisha akatangaza kwamba halipi, kwa sababu ni mali ya China. Moyo wangu uko naye, na mwaka 2013 vichwa hivyo vilirudi Beijing kama zawadi ya familia ya Pinault, wenye Christie's. Wewe lakini huna serikali ya Beijing nyuma yako. Kibao chako ni mkataba, na wanasheria wa mnada hawatanii.

8. Epuka kushindwa kubaya

Kushindwa kubaya ni kwa muuzaji asiyeuliza. Huko Ufaransa wazee wawili walikuwa wakisafisha nyumba yao, wakamuuzia muuza vitu vikuukuu kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Babu mmoja wa ukoo alikuwa ofisa wa kikoloni huko. Machi 2022, mnadani Montpellier, kinyago kilipanda hadi euro milioni 4.2. Wakashtaki, na Desemba 2023 mahakama ya Alès ikawaambia uzembe ni wao. Wagabon nao walisimama kudai chao, nao hawakupewa. Kabla hujauza cha babu, kipeleke kikaguliwe idara ya wataalamu ya nyumba ya mnada. Makadirio ya mwanzo kwa kawaida ni bure, na huna deni la kuuza.

9. Jibu simu

Kitu kisipofika bei ya siri hurudi ghalani, na wiki hiyohiyo idara huwapigia waliotoa madau. Utapigiwa. Sauti itakuwa tamu, itakuita kwa jina, itakwambia mwenye mali amelegea. Furahi, kwa sababu sasa unahesabika. Usitaje bei yoyote. Uliza nani alikuwa nacho kabla ya 1970, karatasi ya kukitoa nchi kilikotoka iko wapi, na kama wameshawaandikia wenye nchi. Akisema ataangalia faili akupigie tena, mshukuru, mpe saa utakayokuwa na nafasi, na umwombe katalogi ya mnada ujao.