Pomboo, Loshoro na Mama Mkwe

Mwezi wa tano Olasiti hujaa madereva wa utalii wasio na kazi. Masika yamegeuza barabara za hifadhini kuwa tope, kambi nyingi zimefunga, wageni wako makwao wanasubiri Juni, na magari yamerudishwa uani kwa kampuni. Sisi tunabaki nyumbani na baridi yetu, tunautazama Mlima Meru unavyojificha mawinguni, tunakunywa chai na kuwachosha wake zetu. Wangu alivumilia mpaka siku aliponikuta nje nikiwaeleza watoto wa jirani tofauti ya duma na chui, nimewapanga mstari na nimevaa kofia ya kazi. Akasema, "Tusafiri, kabla hujaanza kuwadai tipu."

Likabaki swali la wapi, na hapo akaingia mama mkwe.

Mama mkwe ni Mmeru wa Nkoaranga, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye sauti ya kwaya na macho ya hakimu. Alikuwa ameliona tamasha la Kizimkazi kwenye televisheni, Rais Samia yuko nyumbani alikozaliwa, watu wamefurika, ngoma zinalia, na tangu siku hiyo akashika hoja moja hataki kuiachia. "Hapa Arusha kuna uwanja wa mpira wa AFCON wenye jina lake," alisema. "Yeye kwetu ameshafika. Na mimi sharti nifike kwao." Mke wangu akaongeza kwamba Kizimkazi ndiko watu wanakokwenda kutazama pomboo. Mimi nilitaka jambo moja tu: nikae kiti cha nyuma, mtu mwingine aendeshe, mtu mwingine ahangaike kutafuta wanyama.

Tatizo ni kwamba nilivyolelewa mimi, mtoto wa Kiarusha, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Unamsalimia umeinamisha macho, unampelekea sukari na kilo mbili za nyama, unaaga. Hakuna mzee aliyewahi kunifundisha namna ya kupanda naye mashua.

Safari ya kufika haina mengi. Basi lilipita Same, Mombo, Korogwe, nami nimebana katikati ya magoti ndoo yenye mfuniko, na ndani yake kuna loshoro. Kwa msomaji wa pwani asiyeijua: ni mahindi yaliyochemshwa yakalainika, yakapondwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, chakula cha kumlaza mtu mzima mchana. Mama mkwe aliibeba kwa kuhofia njaa ya visiwani. "Nasikia wanakula pweza," alisema, kwa sauti ile ambayo wengine huitumia kutangaza msiba. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam ilituvusha kwa saa mbili hivi, bahari imelala, kiyoyozi kinapuliza, na nilishuka bandarini Malindi nikijiona baharia. Kutoka mjini kwenda kusini tulipita msitu wa Jozani, kima punju wakikatiza barabara, nikajizuia kwa taabu kubwa nisimwelekeze dereva mahali pa kusimama ili wageni wapige picha. Wageni wenyewe tulikuwa sisi.

Ufukweni Kizimkazi papasi alitupokea kabla hatujashusha mizigo. Kwetu Arusha vijana wa namna hiyo ni flaikacha, nami nimekula nao, nimegombana nao, nimekopeshana nao; hakuna mbinu yao nisiyoijua. Huyu alikuwa na picha ya pomboo aliyeruka juu ya maji, imefunikwa plastiki isilowe. Akaanza na Kiingereza, akahamia Kiitaliano, akagusa Kijerumani kidogo, mpaka mama mkwe alipomwambia, "Mwanangu, sisi ni watu wa Meru." Bei ikashuka palepale, na tabasamu likashuka nayo. Kisha akatukabidhi kwa nahodha, mtu mzima wa maneno machache, ndevu zimeingia mvi, ambaye alimwamkia mama mkwe shikamoo ya adabu mpaka mama akasahau habari za pweza.

"Kesho bahari ikoje?" nikamuuliza.

"Shwari tu, kaka."

Jibu hilo nalifahamu vizuri. Ni ndugu wa damu wa lile ninalowapa wageni wanaponiuliza kama tumekaribia kambini na bado kuna saa tatu za vumbi. Sikumbishia. Fani ina heshima zake.

Alfajiri mama mkwe akafungua ndoo. Loshoro ilikuwa imeshasafiri kuliko Watanzania wengi, na harufu yake ilitangulia mezani. "Mkwe, huwezi kwenda majini na tumbo tupu." Chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Bakuli la pili nalo halikataliwi, hasa yeye mwenyewe akiwa amesimama na upawa.

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua imetia nanga mbali, kwa hiyo ilibidi tuifuate kwa miguu. Kijana wa mashua alijitolea kumbeba mama mgongoni. Mama alimkagua kuanzia visigino hadi utosini, kama fundi anavyokagua kigogo cha mti mwembamba, akakunja kitenge chake na kukata maji mwenyewe, sweta la sufu mwilini, jaketi la kuokolea maisha juu ya sweta. Mimi nilikuja nyuma na darubini shingoni na suruali yangu ya kazi yenye mifuko mingi. Kila mfuko ulijaa maji kwa zamu.

Sasa, Mei kusi limeshaanza kuvuma, na Kizimkazi iko ncha ya kusini ya Unguja, uso kwa uso nalo. Tulipokuwa ndani ya mwamba mambo yalikuwa mazuri. Tulipoupita mwamba, mashua ilipanda, ikafikiri kidogo, ikashuka, na tumbo langu likabaki kule juu.

Hili la kichefuchefu huwa nawaeleza wageni kitaalamu kabisa tunapoteremka Ngorongoro: sikio la ndani linahisi mtikisiko, macho yanatazama kiti kilichotulia, ubongo unapata taarifa mbili zinazogombana na hasira zake unazimalizia tumboni. Ndiyo maana dereva hachafukwi. Anaiona kona kabla haijafika, mwili unajiandaa. Nimeishi miaka yote hiyo nikidhani nina tumbo la chuma, kumbe nilikuwa na usukani. Nikamwangalia nahodha ameshika mkono wa injini, ametulia, anapiga miayo, nikamwonea wivu mkubwa.

Pomboo hawakuwepo. "Jana walikuwa hapahapa," nahodha akasema, na moyo wangu ukaruka kwa furaha ya kumtambua ndugu. Hiyo ni sentensi yangu! Nimeitumia Seronera, nimeitumia Tarangire, nimeitumia mpaka kwa wageni waliokuja mara ya pili. Nikaanza kusubiri hatua inayofuata, kwa sababu dereva akianza kusifia mti, ujue simba hayupo. Na kweli, nahodha akatuonyesha mwamba uliochongwa na mawimbi. Akatuonyesha ndege mweupe. Kisha akanyoosha kidole Dimbani na kutueleza habari za msikiti wa kale ulioko pale, ambao maandishi yake ya Kikufi ukutani yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hapo nikamvulia kofia. Karne tisa za historia kumfidia pomboo asiyeonekana! Mimi nikibanwa namna hiyo huwa na mbuyu tu.

Simu yake ikalia. "Wapo upande wa Pungume," akasema, akafungua injini mpaka mwisho.

Ninaijua simu hiyo pia. Sisi tunaipokea kwenye redio: chui yuko juu ya mti fulani, na baada ya dakika chache mti umezungukwa na magari, kila dereva anatafuta pembe ya mgeni wake, chui amewapa mgongo wote. Baharini ni vilevile, tofauti ni kwamba mti haukimbii. Tulikuta mashua kadhaa zimetangulia, hata katika msimu ule wa ukame wa wageni. Mgongo wa kijivu unachomoza kushoto, mashua zote kushoto. Wazungu wenye miwani ya kuzamia wanajitupa majini. Pomboo wamekwisha kupita chini yao wametokea kulia. Wazungu wanavutwa ndani kwa mikono na miguu, mashua zote kulia. Ghuba hii ya Menai imekuwa eneo la hifadhi tangu 1997, na miongozo ya kuwakaribia pomboo polepole bila kuwazingira ipo. Hifadhini kwetu kanuni ya kutoacha barabara nayo ipo. Naona kanuni zote mbili zina afya ileile pale mgeni anapokuwa ametoa kamera.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshayaacha mambo ya uhifadhi. Niliegemea ubavu wa mashua, na ile loshoro ya Nkoaranga, iliyovuka mikoa na mkondo wa Zanzibar bila kumwagika hata tone, ikaingia Bahari ya Hindi.

Mbele ya mama mkwe. Nilitamani kufuata loshoro.

Lakini mwanamke aliyelea ng'ombe maisha yake yote hashtuliwi na kiumbe kinachotapika. Alinidaka ukosi wa shati kwa mkono mmoja nisidondoke, na bila kunitazama akaendelea na mazungumzo yake na nahodha, kwa sababu nahodha alikuwa amemwambia jambo lililomgusa sana, kwamba pomboo si samaki: anazaa, na ananyonyesha.

"Ananyonyesha humohumo majini?"

"Humohumo, mama."

"Anabeba mimba muda gani?"

"Kama mwaka mzima."

"Mwaka! Wa kwangu miezi tisa tu." Ukosi ukakazwa. "Na anatoa lita ngapi?"

Nahodha, ambaye nadhani ameulizwa kila swali na kila taifa, alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema hilo hajawahi kulipima. Akamweleza badala yake kwamba pomboo lazima apande juu kuvuta pumzi, tundu la pua liko utosini, na akilala hulaza nusu ya ubongo huku nusu nyingine iko macho. Mama akasema huyo ndiye mlinzi anayemtafuta siku zote. Akaelezwa pia kwamba zamani wavuvi wa hapo waliwanasa pomboo na kuitumia nyama yao kuwa chambo cha papa, mpaka wageni walipoanza kuja miaka ya tisini, ikaonekana pomboo mzima analipa zaidi ya pomboo ndoanani. Mama aliliafiki hilo mara moja. Huchinji kinachokamuliwa.

Kisha akatoa amri. "Zima hiyo mashine. Wana watoto wale. Ng'ombe akikimbizwa hivyo, jioni huoni maziwa."

Nahodha akazima. Najua unachosubiri, msomaji: kwamba kimya kikatanda, na pomboo wakaja wenyewe kutuzunguka kwa shukrani. Hawakuja. Kilichotokea ni kwamba mashua ikizimwa injini inajilaza ubavu kwenye mawimbi na kuyumba mara mbili ya mwanzo, na bakuli la pili, ambalo nilidhani limekwisha samehewa, likadai njia.

Ni katika hali hiyo, uso wangu uko karibu na maji, ndipo niliposikia mpulizo mzito, kama tairi la Landkruza linapotolewa upepo. Nikafumbua macho. Pomboo alikuwa pale, ningeweza kumgusa kwa fimbo: kichwa cha kijivu, mdomo mrefu, jicho moja dogo likinitazama kwa makini. Nimekuwa nikitazama wanyama kwa mshahara, na sijawahi kutazamwa namna ile. Kinywa changu kilikuwa na shughuli. Nikanyoosha mkono na kuonyesha kidole, nikakipunga, nikakipunga tena. Wote wanne walikuwa wamegeukia upande wa pili, kwenye kelele za mashua nyingine. Kijana aligeuka wa kwanza, akanipa chupa ya maji.

"Nimemwona," nilisema nilipoweza kusema.

"Pole, baba," mke wangu akajibu.

Tulirudi. Nchi kavu nayo iliyumba kwa muda. Mama mkwe, aliyeona migongo ya mbali tu, alitaka punguzo, akijenga hoja kwamba mtu mmoja kati ya watatu hakutazama kitu chochote na zaidi ya hapo alilisha samaki wa kijiji kwa gharama zake. Nilimsihi kwa adabu aniachie. Nikalipa bei kamili na tipu juu, kwa sababu najua maana ya kurudi na wageni wenye nyuso kavu. Jioni ndipo ilipogundulika kwamba mke wangu alikuwa amerekodi. Alinirekodi mimi, mgongo wote, mkono wa mama yake shingoni. Na nyuma ya bega langu la kushoto, wazi kabisa, pezi linapanda na kushuka. Ndiyo picha pekee ya pomboo tuliyorudi nayo. Aliituma kwenye kundi la ukoo. Shemeji yangu mmoja, ambaye naye ni dereva, akaituma kwenye kundi la madereva.

Kabla hatujaondoka, nahodha aliposikia kazi yangu alinisogelea kando ya ngalawa zilizopakwa mafuta. Akasema amezaliwa hapo, amewaonyesha pomboo watu wa dunia nzima, na tembo hajawahi kumwona. Akauliza kama Julai bahari ikichafuka naweza kumpeleka Serengeti kwa bei ya mwenyeji. Nikamwambia karibu Olasiti, kitanda kipo. Mama mkwe akasema atapika loshoro.

"Na barabara ya kwenda huko," nahodha akauliza, "ikoje?"

Nikaifikiria ile njia ya kutoka Ngorongoro kushuka mpaka Naabi, mawe na matuta madogomadogo yanayolegeza meno, vumbi linaloingia hadi kwenye soksi.

"Shwari tu, kaka," nikamwambia.