Siishi Dukani, Naishi Guangzhou

Wenzangu wanaoishi Ulaya huulizwa na ndugu zao habari za baridi. Walioko Muscat huulizwa habari za kazi. Mimi niliyeko Guangzhou naulizwa bei. Hata salamu siku hizi imefupishwa: "Kaka shikamoo, hivi mashine ya kukamua miwa huko inakwendaje?" Shikamoo yenyewe imetolewa kama kiingilio tu.

Tena wanauliza usiku. Sisi tuko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, na mtu wa Dar huwa anakumbuka jambo lake la maana akishakula akashiba, saa tatu usiku. Huku ni saa nane, watu wa heshima wamelala. Simu inalia, unaruka kitandani ukidhani kuna msiba, kumbe shemeji anataka kujua kama vigae vya Foshan vinapatikana vya rangi ya maziwa. Siku asiponipata ananung'unika kwamba najificha, wakati WhatsApp imefungwa China nzima na mimi naipata kwa kuzungukazunguka, leo inakubali, kesho inagoma. Nimewasihi wote wajiunge WeChat. Aliyenisikiliza ni baba mdogo peke yake, na sasa kila asubuhi ananitumia picha za pampu za maji.

"Niangalizie tu bei." Hiyo ndiyo kauli iliyokula Jumamosi zangu. Nimeeleza mpaka koo limekauka: mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kukaa ofisini nikifunga hesabu za watu, sina kiwanda wala shangazi mwenye kiwanda. Nimeeleza kwamba kiwanda cha Kichina hakihangaiki na mtu wa blenda moja. Kinataka uchukue mamia, la sivyo kwaheri. Duka la rejareja litakuuzia hiyo moja, lakini kwa bei ya rejareja, halafu kuna kilo za ndege. Na watu wa mizigo ya ndege si wajinga: kitu kikubwa chepesi hawakichaji kwa uzito, wanakichaji kwa nafasi kinayokula. Shemeji alilazimisha nimtumie mito ya kulalia. Kwa gharama ile angenunua godoro na kitanda chake pale pale Buguruni. Kwa meli ni nafuu, ila utasubiri mwezi na zaidi, na kwa kuwa huna kontena lako unachanganywa kwenye la wengine, mito yako ikilaliwa na vipuri vya pikipiki. Mwisho wa hayo yote, blenda ile ile unaikuta Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwa bei ya chini kuliko yangu, maana mwenye duka alichukua hayo mamia. Hili halieleweki. Kinachoeleweka ni kwamba nimekuwa na roho mbaya tangu nipande ndege.

Wa simu lakini afadhali, simu inazimwa. Balaa ni wanaokuja.

Wengi huja na Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara yaliyoanza 1957, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli ya Kichina. Ya masika huanza katikati ya Aprili, na Aprili ndiyo mwezi wa mwisho ambao mtu mwenye akili angependa kuwa na wageni hapa. Unyevu unapanda mpaka kuta zinatoa jasho. Sakafu inateleza, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, na shati uliloanika Jumatatu, Alhamisi bado bichi. Katika nyumba ya vyumba viwili iliyoloa namna hiyo, mlaze binamu sebuleni pamoja na masanduku yake matatu, moja ndani ya jingine, yote matupu. Ukimtajia hoteli anakukumbusha kwamba msimu wa maonyesho hoteli zinapaa bei, "na wewe si upo?" Nipo, ndiyo. Hilo ndilo kosa.

Kwa sheria ya huku, mgeni kutoka nje aliyefikia hotelini huandikishwa polisi na hoteli. Akifikia nyumbani kwa mtu, anaandikishwa kituoni ndani ya saa 24, na anayemkokota huko ni mwenyeji. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alipokuja kutuona, alifika usiku, akaswali, akalala. Asubuhi nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, tukishakunywa chai tunakwenda polisi." Akamtazama binti yake. Binti yake, ambaye angeweza kueleza kwa sentensi moja, akaendelea kupaka mkate siagi. Njia nzima mama hakunena, anavuta tasbihi tu. Kituoni askari kijana akampisha kiti, akapokea pasipoti, akagongagonga kompyuta, akachapa karatasi, akainama kidogo kwa heshima. Tulipotoka mama akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, wamekusamehe?"

Tanga nzima sasa inajua nina kakesi China, lakini naenda nako vizuri.

Nilikuwa nimempangia matembezi. Mji huu una umri wa zaidi ya miaka 2,000 na una vitu vya kuona. Tukaanza na Mnara wa Canton, mita 600 kutoka chini hadi ncha. Mama akainua shingo, akashika mtandio usianguke, akasema, "Tumeuona." Nikasema mama, watu hupanda mpaka juu. "Kufuata nini huko, baba, na sisi tumeshauona?" Kisha akaulizia zile taa zake zinazobadilika rangi zinauzwa mtaa gani.

Tukataka kumpeleka Chimelong, bustani kubwa ya wanyama. Aliposikia kuna twiga alivua viatu akarudi kukaa. Hakuacha nchi yenye Serengeti ili aje alipe kiingilio cha kumwona twiga wa Kichina. Mke wangu akamwambia kwamba mwaka 2014 walizaliwa pale panda mapacha watatu na wote wakapona. Hapo akavaa viatu. Bustani nzima aliuliza jambo moja tu, yule mama mzazi maziwa aliyatoa wapi, na akanikazia macho kana kwamba nilikuwa zamu siku hiyo.

Tukamwonjesha na chai ya asubuhi, ambayo watu wa Guangzhou wanaienzi kweli. Wazee hukaa mezani saa nzima, na ya pili, na ya tatu, gazeti mkononi, ukimmiminia mwenzio anagonga meza kwa vidole viwili kushukuru. Mama aliwapenda, alisema hawa ni watu wa baraza. Ila mhudumu alipoleta vyombo na sisi tukaanza kuvisuuza kwa chai ya moto pale pale mezani, kama ilivyo desturi, uso ulibadilika. "Kwani jikoni hawajaviosha?" Wameviosha mama. "Sasa tunaviosha tena kwa nini?" Hakuna mtu amewahi kunijibu swali hilo, hata mimi sikumjibu. Kuanzia hapo, na kwa wasiwasi wa nguruwe, alikunywa chai kavu huku akikitazama kila kitafunio kama mpelelezi. Bili ililetwa ya watu watatu.

Ijumaa ndiyo iliyoniponza. Karibu na bustani ya Yuexiu kuna msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa huku husimulia kuwa ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Vitabu vingine vinamzika Madina. Mimi mhasibu, hesabu hiyo naiacha kwa wenye elimu. Siku ya Ijumaa Waafrika hujaa pale, na nje huwezi kukosa mishikaki ya kondoo ya Waislamu wa kaskazini-magharibi ya China, iliyojaa bizari nyembamba na pilipili. Mama alikula, akafumba macho, akaisamehe China yote. Nikaona sasa mambo yamekaa sawa. Nilipogeuka kulipa, ameshapata marafiki, kina mama wawili wa Zanzibar waliokuja kuchukua mzigo, na wanamweleza habari za masoko ya mikoba ya Sanyuanli. Matembezi yakafia hapo.

Mama hajui Kichina na yule dada wa dukani hajui Kiswahili, lakini katikati yao kuna kikokotoo (si kile cha mafao, kile cha vidole). Dada anaandika 85. Mama anafuta, anaandika 20. Dada anashika kifua, anaandika 70. Mama anauchukua mkoba, anavuta zipu, anairudisha, anavuta tena, anageuza bitana, ananusa ngozi, anakunja uso, anaandika 20. Dada anaita mwenzake waje wacheke pamoja. Mama anaondoka, pole pole, mwendo wa mtu asiyetaka kufika. "Mama! Rafiki! Mama!" Anarudi. Wanamalizana kwenye 38, wanapeana mikono, wanapiga picha. Mimi nimesimama saa nzima na nusu na miguu si yangu. Kisha mama anasema, "Mwambie anipe kumi na mbili."

Na hapa ndipo penye kidonda. Mji huu watu wanalipa kwa simu, mpaka muuza viazi vitamu vya kuchoma ana alama yake ya kuskani. Mama dola zake zipo, zimefungwa kwenye kitambaa, na kitambaa kimefungwa mahali ambapo mkwe haruhusiwi hata kupafikiria. Basi inayolipa ni simu yangu. "Tutahesabiana nyumbani, baba." Mikoba, chupa za chai, mashuka, maua ya plastiki, seti ya vikombe: tutahesabiana. Nimedai madeni sugu ya makampuni na yakalipwa. Nionyesheni mwanamume aliyemdai mama mkwe wake, nimpe kazi.

Kurudi tukapanda treni ya chini ya ardhi, mstari namba 3, ambao jioni unakufanya uikumbuke mwendokasi kwa mapenzi. Mlangoni kila begi linapitishwa kwenye mashine. Mifuko yote ya mzigo mama aliipitisha, ila kipochi chake alikataa kata kata, akakikumbatia, foleni ikanyooka nyuma yetu mpaka kwenye ngazi.

Ameondoka salama. Shirika lilimruhusu mabegi mawili ya kilo 23, na yaliyobaki, ambayo ni mengi kuliko yaliyoondoka, yako sebuleni kwangu mpaka "atakapopatikana mtu". Mke wangu anasema nisiyaguse. Tanga nako picha zimeshasambaa, na dada zake wawili wanaulizia viza.

Waje tu, nawe ndugu msomaji karibu. Ila usije na maonyesho. Njoo wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Watakwambia usije, kwa sababu viwanda vimefungwa, masoko ya jumla yamefungwa na wenye maduka wamerudi kwao mikoani. Sikiliza mimi. Mto Zhujiang haufungwi, mnara upo, hewa ni kavu na huna pa kununulia hata soksi. Leta begi moja dogo, na nitakutembeza mpaka ukome.