Namba Ndogo, Bei Kubwa: Mwongozo kwa Mnunuzi Mwenye Papara

Uko kwenye mnada wa silaha za kale huko Marekani, umeona bastola yenye namba ya kiwandani 37, na moyo unakwenda mbio. Kwanza rudisha pochi mfukoni. Dalali ameshakuona, na sura hiyo anaijua.

Sasa uliza hesabu ilianzia wapi. Kama ni bastola ya Luger ya jeshi la Ujerumani, kiwanda kilihesabu hadi 10,000, kikaanza upya kwa kuongeza herufi a, kisha b, na kuendelea. Mwaka mpya ukiingia, hesabu ikarudi mwanzo. Namba 37 ziko nyingi. Anayekuapia kwamba hii ni ya 37 kutoka kiwandani anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Igeuze uangalie vipande vidogo: kila kimoja kinatakiwa kiwe na tarakimu mbili za mwisho za namba ileile. Ukikuta 52 kwenye kifyatulio, kuna mtu amebadilisha kipande, na bei lazima ishuke. Kwa Luger, namba kulingana ni jambo kubwa kuliko namba kuwa ndogo.

Ukifika kwenye bunduki ya Springfield ya 1903, punguza mwendo zaidi. Zilizotoka kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, chuma cha mwili wake kilitiwa moto na mafundi waliokadiria joto kwa macho, kwa kutazama rangi. Siku ya jua kali chuma kilionekana hakijaiva, wakakizidishia moto, kikatoka kikavu, chepesi kuvunjika kama kioo. Baadhi zilipasuka mikononi mwa askari. Itundike ukutani, usiitie risasi. Muuzaji anayeisifia namba hiyo bila kukuambia haya anacheza na macho yako, na mimi nisingenunua kwake hata mkanda wa bunduki.

Hata hivyo, katika Springfield hizohizo zimo lulu. Za mwanzo kabisa zilikuwa na singe nyembamba ya fimbo, ambayo Rais Theodore Roosevelt aliikataa mwaka 1905, na nyingi zikabadilishwa. Iliyobaki na singe yake ya asili hugombaniwa. Hapo namba ndogo inathibitisha kitu unachokiona na kukishika, na ndiyo maana inalipiwa.

Ukitaka kujua kinachopandisha bei kweli, itazame bastola ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881. Namba yake imepita 50,000. Mwaka 2021 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6, kwa sababu historia yake ilikuwa na ushahidi wa maandishi.

Kwa hiyo dai makaratasi. Kampuni ya Colt hutoa barua kutoka kwenye kumbukumbu zake, ikieleza silaha ilitumwa lini na kwa nani. Barua isipokuwepo, toa bei ya bastola tu. Namba usiilipie hata senti.