Kopo la Mwanafunzi wa Bofa

Neno lenyewe ni kubadilishana. Mwanafunzi wa kubadilishana hutolewa kwao, tuseme Bofa hapa Kilifi, akapelekwa Ujerumani au Italia kwa muhula mmoja au miwili, na kwa hesabu ya haki wenyeji nao wangepata chao. Lakini mizani hiyo imelalia upande mmoja tangu kale. Mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme Yongle wa Uchina. Wakubwa wa huko wakamdhania ni qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, wakamstaajabia, na hakuna aliyejishughulisha kujua kwao wanaishije. Huyo ndiye mwanafunzi wetu wa kwanza ng'ambo aliyegharamiwa kila kitu, na wala hakurudi. Karne sita zimepita na desturi ni ile ile: anayetoka Pwani huenda kufundishwa, na akirudi husifiwa kwamba kafunguka macho. Hoja yangu ni kwamba korona, pamoja na balaa zake zote, iliisawazisha mizani hii kwa mara ya kwanza, na ushahidi umo chooni.

Machi 2020, kabla watu hawajaelewa vizuri ugonjwa wenyewe, karatasi za chooni ziliadimika madukani Ujerumani, Uingereza, Marekani na Australia. Maduka yakaanza kuzigawa kwa kipimo kama sukari ya magendo. Kule Darwin, Australia, gazeti la NT News lilitoa kurasa nane za ziada zisizo na habari, zimewekewa mistari ya kukatia, msomaji ajisitiri nazo. Yaani nchi ina bandari, migodi na vyuo vikuu, halafu inaokolewa na gazeti tupu. Sasa mtazame mtoto wa Pwani katika bweni la wanafunzi. Siku ya kwanza alikuta choo kikavu, hakuna bomba wala kopo, akanunua kidumu cha kumwagilia maua, kile chenye mdomo mrefu, akakificha nyuma ya mlango wenzake wasimcheke. Miezi sita anakionea haya. Ghafla ndiye mtu pekee kwenye ghorofa nzima anayelala usingizi. Kidumu hakiishi, hakipangiwi foleni, hakipandi bei. Kama hilo si somo la uchumi, basi sijui vyuo hivyo vinafundisha nini.

Na si kopo peke yake. Waingereza walielekezwa wanawe mikono huku wakiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili, ili zitimie sekunde 20. Mtoto aliyelelewa Kilifi, awe Mgiriama au Mswahili, hajawahi kuisogelea sima kabla ya kumiminiwa maji mikononi, na anayeswali hutawadha mara tano kwa siku bila wimbo wowote. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2010 ya kukataza kufunika uso hadharani, na Julai 2020 ikalazimisha barakoa ndani ya maduka na majengo ya umma. Dada wa Malindi aliyekuwa akisoma huko angekuwa na haki ya kuuliza ni kipi hasa anachotakiwa kufunua. Hata neno karantini limetoka kwa Waitaliano, kwenye siku zao arubaini za kuzuia merikebu bandarini. Sisi arubaini tunaijua tangu tumbo la uzazi: mzazi hukaa ndani siku zote hizo, analetewa uji, anakandwa, na wageni huchujwa mlangoni na bibi mmoja ambaye hakuna wizara ya afya inayomfikia kwa ukali.

Atatokea wa kunikatiza: ikiwa mlikuwa wajuzi kiasi hicho, mbona mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, tarehe 13 Machi 2020, alikuwa Mkenya aliyerudi kutoka Marekani kupitia London? Kweli. Huko nako ni kubadilishana, ila hakukuandikwa kwenye fomu. Mwingine atasema masomo yenyewe yaligeuka ya kompyuta, basi mwanafunzi angebaki Bofa, asikilize mhadhiri chini ya mbuyu, upepo wa bahari unampiga. Huyu amesahau kwamba kuanzia tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na tarehe 8 Aprili kaunti ya Kilifi yenyewe ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, mpaka Juni. Mtoto amefungiwa Milano, mama amefungiwa Bofa, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kwa simu. Tofauti ni kwamba wa Milano alikuwa na polenta, ambayo ni sima iliyochukua uraia wa Lombardia, na ningependa sana kuona walimu wa utamaduni wanavyoeleza kwa nini ile ni chakula cha mkahawani na yetu ni chakula cha shida.

Pingamizi zito ni moja tu, nalo sitalifanyia mzaha. Wakenya karibu mia moja waliokuwa wakisoma Wuhan walifungiwa humo kuanzia tarehe 23 Januari, siku 76, na serikali yao haikuwaleta nyumbani. Upweke hauoshwi kwa kopo. Lakini hata huo hauvunji hoja yangu, kwa sababu sikusema walifurahi. Nimesema walikwenda na elimu ambayo haikuwa imeandikwa kwenye vyeti vyao, na mwaka 2020 ndiyo iliyokuwa na soko.

Kwa hiyo, mama, unapompakia mwanao wa kwenda kusoma ng'ambo, ukaona begi linakaribia kilo 23 na binamu yake anashauri lile kopo la plastiki litolewe ili jozi ya viatu ipate nafasi, toa viatu.