Mafahali Wawili, Kompyuta Moja

Pale Mkolani, kando ya barabara iendayo Shinyanga, fundi wa video aliniahidi DVD 20 za harusi ya mpwa wangu. Jumamosi nikakuta kompyuta imeganda. Programu ya kuhariri ilikuja na kichomeo chake; ya kuchoma nayo ilikuja na kihariri chake. Kila moja imejipachika kwenye mlango wa DVD na kudai ndiyo mwenye nyumba. Bibi harusi amekwama na kipande cha keki mdomoni, asilimia 99, trei haitoki.

"Vumilia, mzee wangu, naondoa moja," fundi akasema. Akaiondoa, nayo ikaondoka na faili za mwenzake, mlango wa DVD ukafutika kabisa kwenye orodha.

Jirani yake muuza sato hana hata kikokotoo, lakini kwake anayepara magamba hamgombei jiko anayechoma. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, ugomvi ule usingeenea. Fundi, chagua programu moja kabla hujapokea advansi. Ubatizo wa mtoto tutaurekodi kwa simu.